Makosa ya Kibinadamu

Nianze na mimi mwenyewe, maana nikianza na wao nitavunja kitu. Mimi ni mtu wa hasira. Mama husema nilizaliwa nimekunja uso, mkunga akaniomba radhi. Kazini wananiita Pilipili na sikatai, kwa sababu watu wakishakuogopa kidogo hawakuchezei. Kwa hiyo nikisema kwamba siku ile nilikasirika, usidhani ni hasira yangu ya kila siku, ile ya nani kachukua rula yangu. Hii ilikuwa nyingine kabisa, na nusu yake nilijikasirikia mwenyewe.

Kazi yetu ni vitabu. Si kuviandika, kuvitengeneza. Karatasi kubwa inatoka kwenye mashine ya kuchapa, inakunjwa mara tatu, inakuwa fungu moja la kurasa kumi na sita. Kitabu cha mazoezi ya hesabu tulichokuwa tunafanya wakati huo kilikuwa na mafungu sita. Unapanga marundo sita kwenye meza ndefu, halafu unaizunguka meza ukiokota fungu moja kila rundo. Ukimaliza mzunguko una kitabu kizima mkononi. Unakigonga mezani ili kingo zilingane, unakiweka. Vikifika kumi unavifunga kwa kamba, unachomeka kipande cha karatasi ya rangi yako ijulikane nani kavipanga, vinaenda kupigwa pini na kubandikwa jalada. Jalada likishabandikwa, kile kipande cha rangi kinatupwa.

Meza tunazo mbili. Ya dirishani ni yangu, na rangi yangu ni kijani. Ya ukutani ilikuwa ya mama mmoja aliyestaafu mwaka huo, na alipoondoka tu nikaingia ofisini kwa msimamizi kumwombea nafasi mdogo wangu.

Mdogo wangu ana miaka ishirini na saba. Alizaliwa na ile hali ambayo daktari huisoma usoni kwa mtoto kabla mama hajafuta jasho. Akili yake ina mwendo wake, haikimbii, lakini ikifika mahali imefika. Mtaani wanamwita Meya, kwa sababu hapiti mlango wa mtu bila kusalimia, na usipomjibu anasimama hapo hapo mpaka umjibu. Anafunga vifungo vya shati mpaka cha shingoni, hata kwenye joto la kuyeyusha mshumaa. Mama amezeeka, na kilio chake kilikuwa kimoja tu: amwone Meya ana kazi kabla yeye hajafumba macho. Alikuwa anakisema akifua, akipika, akisali. Ukikaa naye robo saa utakisikia mara mbili.

Msimamizi alinisikiliza vizuri, na hilo nalisema wazi. Si mtu mbaya wa kwenye hadithi. Nilipofiwa na baba alikuja msibani siku zote tatu, na hakuja mikono mitupu. Akasema, "Mlete. Mwezi mmoja wa majaribio. Akiweza, Ijumaa ya mwisho namsainia barua ya ajira. Tutamsaidia, Pilipili." Nikamshukuru mpaka nikajichukia. Mama alilinyoosha shati la Meya kwa pasi mara tatu.

Sasa kuna neno. Lazima nilitaje, maana ndilo lenye kesi. Pale kazini neno la kutukania lilikuwa "taahira." Karatasi ikikwama, mashine taahira. Dereva akichelewa, dereva taahira. Timu ya msimamizi ikifungwa, golikipa taahira, kocha taahira, mwamuzi ndiyo usiseme. Mvua ikinyesha karatasi zikavuta unyevu, mvua nayo taahira. Msimamizi ndiye aliyekuwa bingwa, lakini wote tulilitumia, na fundi wa mashine ya pini, tunayemwita Pini, alikuwa analitia chumvi kwa kulivuta, "taaahira," mpaka watu wanakamata mbavu.

Na mimi je? Nilikuwa nalo mdomoni kama pipi. Bila kumung'unya maneno: miaka kumi na moja mle ndani nimelitumia kuliko nilivyotumia gundi. Nyumbani halikanyagi. Mama akilisikia anakuzaba kofi bila kujali umri wako. Nilikuwa nalivua mlangoni pamoja na viatu, naingia ndani, namkuta Meya, namuuliza ameshindaje. Miaka kumi na moja, na haikunijia hata siku moja kwamba neno ni lile lile na ndugu ni yule yule.

Kumfundisha kazi nilidhani itakuwa vita. Namba zikizidi ishirini zinamchanganya, na kurasa zetu zinafika tisini na sita. Nikamwonyesha ngazi. Ngazi ni hivi: kila fungu, pale kwenye mkunjo, limechapwa alama ndogo nyeusi ya mraba. Alama ya fungu la pili iko chini kidogo ya la kwanza, ya la tatu chini ya la pili, hivyo hivyo mpaka la sita. Ukiyashika yote sita kwa mpangilio wake ukatazama mgongo wa kitabu, alama zinashuka kama ngazi. Ukiona ngazi imekatika, umekosea. Wanaochapa huziweka kwa ajili yetu, na sisi wazoefu hatuziangalii. Tunaamini mikono yetu.

Meya aliipenda ngazi ile kama alivyoipenda redio alipokuwa mtoto. Kila kitabu alikigeuza, akaangalia mgongo, akasema taratibu, "Ngazi ipo," ndipo akakiweka. Kila kitabu. Rangi yake ilikuwa njano. Wiki ya kwanza nikifunga mafurushi thelathini kwa siku yeye alifunga kumi na manane, na Pini akawa anamtania kwamba kitabu chake mtoto atakisoma akishakuwa babu. Wiki ya tatu alikuwa anafunga ishirini na manne. Nilikuwa namtazama kwa pembe ya jicho natamani mama angekuwa dirishani.

Lakini nimeruka kitu. Wiki ya pili, Jumatano, asubuhi tu baada ya chai, mashine ya pini ilikwama. Msimamizi, aliyekuwa upande wa pili wa chumba, akapaza sauti, "We taahira, mara ngapi nikwambie usijaze pini kupita kiasi?"

Na kutoka meza ya ukutani mdogo wangu akajibu, "Naam."

Akaweka chini fungu alilokuwa ameshika. Akajifuta mikono kwenye aproni. Akapita katikati ya chumba kizima, taratibu, mpaka mbele ya msimamizi, akasimama kama mtu aliyeitwa. Akasema, "Nimekuja."

Halafu kicheko. Pini alicheka mpaka akakalia katoni ya jalada na kuibonyeza. Msimamizi alicheka akimpigapiga Meya begani, "Si wewe bwana, rudi kazini. Wewe si Meya?" Wale wa mashine ya kukata nao walikufa kwa kicheko.

Na mimi nilicheka. Naweza kusema kicheko kilinitoka kabla ya akili, naweza kusema nilitaka kuwafunika ili yaishe haraka. Nimejaribu kujikosha kwa sababu zote hizo na hakuna hata moja iliyotakata. Nilicheka kwa sababu wenzangu wamecheka. Meya naye akatabasamu, maana yeye wengine wakicheka hutabasamu, lakini alikuwa ananiangalia mimi. Kisha akarudi mezani kwake.

Jioni tukitembea kurudi nyumbani nilimuuliza kwa nini aliitika.

"Shuleni walikuwa wananiita hivyo," akasema.

Shule alikwenda miaka miwili tu. Mama alimtoa, na hatukuambiwa sababu, tukadhani masomo yamemshinda.

"Mwalimu akiita majina," Meya akaendelea, na alikuwa anasema bila uchungu wowote, kama anayesimulia njia ya kwenda sokoni, "akifika kwangu wanasema hilo wote. Nikiitika, mwalimu anaweka alama kwamba nipo. Siku nisipoitika anaandika sijaja. Kwa hiyo nikawa naitika."

Usiku ule sikulala vizuri. Asubuhi nikamfuata msimamizi, nikamwomba kwa heshima, tena kwa sauti ndogo ambayo si yangu, kwamba lile neno kama inawezekana tuliache. Akanitazama kama nimemwomba tuache kutumia karatasi.

"Pilipili, na wewe. Ni neno tu. Simaanishi watu kama ndugu yako. Yeye nimeshawahi kumwita hivyo? Hata siku moja. Nawaita wazima, wanaojua kabisa nawatania." Akaegemea kiti. "Mimi nikimwita Pini punda, punda watakuja hapa kulalamika?"

Pini, aliyekuwa mlangoni anasubiri ufunguo wa stoo, akaangua kicheko. Barua ya ajira ilikuwa haijasainiwa, na mtu anayeisaini alikuwa ananitazama akitabasamu. Nikameza. Mimi, Pilipili mzima, nikameza.

Basi. Jumanne ya wiki ya mwisho, zimebaki siku tatu Ijumaa ifike, akaingia mwalimu mkuu wa shule mojawapo tuliyoipelekea vitabu, amekumbatia katoni. Hakuwa amekuja kugomba. Alifungua kitabu kimoja juu ya meza yangu, akatuonyesha. Ukurasa wa arobaini na nane, kisha wa sitini na tano. Unaendelea mpaka themanini, halafu unarudi arobaini na tisa. Fungu la nne na la tano yamebadilishana nafasi.

"Watoto wamekutana na majibu kabla ya maswali," mwalimu akasema. "Wamefurahi sana, lakini sisi tuna shida."

Msimamizi akafungua kitabu cha pili, cha tatu, cha nne. Vyote vile vile. Vilikuwa vimeshabandikwa jalada, kwa hiyo hakuna rangi ya kuonyesha nani kapanga. Hakuuliza nani kapanga. Hakuuliza vilipangwa siku gani. Aliinua macho akatazama meza ya ukutani.

"Nilijua," akasema. Hakupiga kelele. Laiti angepiga kelele. Alisema kwa sauti ya chini, ya mtu aliyechoka kusubiri kitu na sasa kimefika. "Nilijua tu. Ukimweka taahira mezani, unategemea nini?"

"Naam," akasema Meya.

Safari hii hakuna aliyecheka. Meya akaweka fungu chini, akajifuta mikono, akaja. Pini akainamia mashine yake kama amedondosha kitu. Mwalimu mkuu akageukia dirisha. Msimamizi alimtazama mdogo wangu, uso ukamshuka kidogo, nadhani alisikia alichosema, lakini maneno yakishatoka na watu wanaangalia, mtu huona afadhali aendelee mbele. "Vua aproni," akamwambia. "Nenda nyumbani. Kazi hii si yako."

Hapa ndipo panaponichoma mpaka leo, kwa hiyo niseme haraka. Mimi pia nilidhani ni yeye.

Dada yake wa tumbo moja. Niliyemwona akigeuza kila kitabu. Niliyemsikia akisema ngazi ipo, ngazi ipo, wiki tatu mfululizo, mpaka nikawa naisikia usingizini. Msimamizi aliposema nilijua, ndani yangu kitu kikajibu, ndiyo, na mimi nilijua. Sikumtetea hata kwa neno moja. Nilimshika mkono nikampeleka mpaka getini.

"Ngazi ilikuwepo," akaniambia.

"Nenda nyumbani. Tutaongea."

"Kila kimoja. Niliangalia."

"Meya, nenda tu."

Akaikunja aproni mara nne, akanikabidhi, akaenda. Akamsalimia mlinzi wa geti akipita, na mlinzi akamjibu.

Niliporudi msimamizi akanipa ufunguo wa stoo. "Kakague mafurushi ya njano ambayo hayajabandikwa jalada. Toa mabovu yote kabla hayajatuaibisha zaidi."

Stoo yetu haina dirisha, ina taa moja. Nikaanza na furushi la kwanza la njano. Nikakata kamba, nikatazama migongo. Ngazi kumi, zimenyooka. La pili, zimenyooka. La tatu. Nikawa nakata kamba na kutazama, nakata na kutazama, na usidhani nilikuwa natafuta kumsafisha ndugu yangu. Nilikuwa natafuta kosa lake. Nililitafuta kwa bidii, kama mtu aliyetumwa na anayetaka kurudi na jibu. Mafurushi ya njano yalikuwa sabini na moja, nikayamaliza yote, vitabu mia saba na kumi, na hakuna ngazi hata moja iliyokatika.

Nikakaa chini kwenye katoni. Pembeni yangu yalipangwa mafurushi ya kijani. Yangu. Nikavuta la juu bila hata kulikata kamba, nikaligeuza mgongo kwenye taa. Alama tatu zikashuka vizuri, ya nne ikaruka chini zaidi, ya tano ikapanda, ya sita ikamaliza. La pili, hivyo hivyo. La tatu, la nne. Ndipo nikakumbuka. Ilikuwa Jumatatu ya wiki iliyopita, baada ya chakula cha mchana. Niliongeza marundo mezani huku namsimulia Pini kisa cha jirani yetu na paa lake, na mikono yangu ninayoiamini ikaweka la tano mahali pa la nne. Mchana mzima nikaizunguka meza ile napiga soga. Vile vilivyokwenda kwa mwalimu ni vya mchana ule, na pale stoo vilibaki vya mchana ule.

Nisiwe mnafiki, wazo la kubadilisha rangi lilinipitia. Vipande vya kijani vilikuwa vimechomekwa tu. Vya njano vilikuwa vimetapakaa sakafuni miguuni pangu. Hakuna aliyekuwa ananiona, na kila mtu alikuwa ameshaamini tayari, hata mimi nilikuwa nimeamini. Niliviangalia vile vipande kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri.

Halafu nikasimama, nikachukua furushi moja la kijani kwapa hili na moja la njano kwapa lile, nikaenda ofisini. Nina mama wa kumtunza na sina kazi nyingine ninayoijua.

Mwalimu mkuu alikuwa bado pale, amepewa chai. Nikaweka mafurushi mezani, migongo juu.

"La njano ni la ndugu yangu," nikasema. "Yote sabini na moja ni mazima. Hili la kijani ni langu. Mabovu ni yangu. Nilikosea Jumatatu mchana, nilikuwa napiga domo."

Msimamizi akainama, akaangalia mgongo mmoja, akaangalia wa pili. Akavuta pumzi. Halafu, naapa, akacheka. Kicheko cha kushusha mzigo.

"Aah. Kumbe wewe, Pilipili. Basi, basi." Akamgeukia mwalimu. "Mwalimu, huyu ni mkono wangu wa kulia, miaka kumi na moja. Haya ni makosa ya kibinadamu. Mtu anachoka, ana mambo yake nyumbani. Tutavirudia vyote kwa gharama yetu."

"Inatokea," mwalimu akasema. "Inatokea kwa yeyote."

Nilikuwa nimejiandaa kugombezwa. Nilikuwa nimejiandaa hata kufukuzwa. Hilo sikujiandaa nalo. Damu ilinipanda kuanzia miguuni, nikaisikia inapita magotini.

"Rudia," nikasema.

"Nirudie nini?"

"Hayo yangu ni makosa gani?"

"Ya kibinadamu, dada. Kaa unywe chai."

"Na saa moja iliyopita, yalipokuwa ya Meya, yalikuwa makosa gani?"

Kijiko cha mwalimu kikaacha kugonga kikombe.

"Kitabu ni kile kile," nikasema. Sauti yangu ilikuwa imerudi, ile yenyewe, na niliiachia. "Ukurasa arobaini na nane ni ule ule. Fungu la nne ni lile lile. Kosa halijabadilika hata chembe. Limebadilika nini? Mtu. Nikiwa mimi, nimechoka maskini, mimi ni binadamu. Akiwa yeye, ulijua. Ulijua nini? Uliangalia mgongo wa kitabu? Ulimuuliza? Wiki tatu unamwona anageuza kila kitabu, ulikuwa unamwona anafanya nini, anacheza?"

"Pilipili, nilikasirika, neno limenitoka tu—"

"Uliniambia yeye humwiti. Uliniambia unawaita wazima, kwa utani. Haya, mimi hapa ni mzima, na nimekosea kweli kweli, vitabu vya watoto vimeharibika, mteja wako huyu hapa. Niite."

"Acha mambo hayo."

"Niite, msimamizi. Mashine unaiita. Mvua unaiita. Mwamuzi wa mpira hakujui na unamwita. Mimi niko mbele yako. Niite taahira."

Hakuweza. Nilimtazama usoni bila kupepesa na nikaona anatafuta, na neno lililokuwa linamtoka mara ishirini kwa siku limemkwama kooni kama mfupa. Kwa utani angeniita bila shida. Lakini hapa hapakuwa na utani, na bila utani neno lile lina mwenyewe, na sote mle ndani tulimjua. Tulimjua siku zote. Kila nilipomwita dereva hivyo nilikuwa namwambia, wewe ni kama mdogo wangu, na siwezi kufikiria kitu kibaya zaidi ya hicho cha kukufananisha nacho.

Pini alikuwa amesimama mlangoni. "Lakini hata wewe mwenyewe hulisema, Pilipili," akasema kwa sauti ndogo.

"Ndiyo," nikamjibu. "Hata mimi. Ndiyo maana sikulala vizuri na ndiyo maana sitakuacha ulale vizuri na wewe."

Msimamizi akavuta droo, akatoa barua. Ilikuwa imeshachapwa, ilikuwa inasubiri Ijumaa. Akaisaini akanipa.

"Aje kesho," akasema.

"Kesho utamwambia wewe mwenyewe kwamba hakukosea. Mbele ya wote waliokusikia leo."

"Nitamwambia."

Sikusema asante. Nilishasema mara ya kwanza, nikaisema kupita kiasi, na ona ilipotufikisha. Nikachukua mkoba wangu, nikaondoka kabla ya saa ya kutoka. Hakuna aliyeniuliza naenda wapi.

Nyumbani mama alikuwa uani anaanua nguo, macho mekundu. Alinionyesha mlango kwa kidevu. Meya alikuwa chumbani amekaa kitandani, viatu miguuni, vifungo vyote vimefungwa mpaka cha shingoni. Hakuwa analia. Alikuwa amekaa tu vile mtu anavyokaa akisubiri kuitwa.

Nikakaa sakafuni mbele yake.

"Hukukosea," nikamwambia. "Nimeangalia vyote. Ngazi ilikuwepo kila kimoja."

"Nilikwambia."

"Uliniambia."

Akafikiri kidogo. "Nani alikosea?"

"Mimi."

"Wewe?"

"Mimi. Niliweka rundo la tano mahali pa la nne."

"Hukuangalia ngazi."

"Sikuangalia."

Akatikisa kichwa polepole, kama msimamizi mzuri angefanya. Halafu akauliza, na alikuwa anataka kujua kweli, hakuwa ananisuta:

"Wakakuita taahira?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

Nikatoa barua kwenye mkoba nikamwekea magotini. Akaishika kwa mikono miwili, akapitisha kidole chini ya mistari mpaka akafika mahali anapopajua, akasimama hapo.

"Hapa ni jina langu," akasema.

"Ndiyo."

"Lenyewe."

"Lenyewe."

Akaikunja mara nne, akaitia mfuko wa shati, akaupiga mfuko kidogo kuhakikisha imekaa. Ndipo akainama akaanza kufungua kamba za viatu.

"Kesho nitakuja," akasema bila kuniangalia. "Lakini na wewe usicheke."